UKURASA WA MAMA: Mfarishi wa viraka 48



Barua imetufikia kutoka milima ya Kabare. Mwenye kuiandika ni mama kijana wa watoto wawili. Anasema hivi: mtoto wa pili alipozaliwa, alirithi blanketi la kaka yake; na huyo kaka, aliye na miaka mitatu, sasa analala chini ya kitenge cha mamaye, na usiku wa manane anaamka akilia kwa baridi. Fundi mmoja jirani alimpa yule mama mfuko mzima wa vipande vya vitenge vilivyobaki mezani pake. Akaanza kuviunganisha kwa mkono, kwa kuwa mashini hana. Alipokwisha kushona safu mbili, ya kwanza ilipita ya pili kwa upana wa vidole viwili, na pembe za viraka hazikukutana hata mahali pamoja. Mamamkwe alipoona kazi ile akasema ya kwamba viraka ni nguo ya maskini, afadhali avitupe. Sasa mfuko uko chini ya kitanda, na mama anatuuliza: «Niendelee, ama niache?»

Aendelee. Kosa lake ni dogo, nasi tutalionyesha. Lakini kwanza tumjibu mamamkwe kwa heshima yake, maana neno lake si la bure.

Kuna kiraka cha kuziba tundu, na hicho kweli chasema ya kwamba nguo imechakaa. Kuna kiraka kingine, kilichochaguliwa rangi, kikapimwa, kikawekwa karibu na mwenzake kwa shauri. Hicho chaonyesha ya kuwa mtu alikaa akafikiri. Kazi ya namna hiyo, watu wa pwani wanayo jina lake: ikiwa vitambaa viwili vimeshonwa pamoja na kitu laini katikati, huita mfarishi. Sehemu ya juu, ile ionekanayo kitandani, tutaiita uso wa mfarishi. Huo uso ndio kazi ya juma hili. Ukiisha kuumaliza, mambo mengine ni mepesi.

Katika Marekani, jimbo la Alabama, mto uitwao Alabama unapinda kama kiwiko cha mkono, na ndani ya pindo hilo kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend. Wakaaji wake ni wajukuu wa watumwa Waafrika waliolima pamba katika shamba la mabwana wa jina la Pettway. Ndiyo sababu wengi wao wanaitwa Pettway hata leo. Walikuwa watu wa shida nyingi. Wamama walishona mifarishi kwa suruali za kazi, mashati yaliyopauka na magunia, ili watoto wasife kwa baridi katika nyumba za mbao. Mwaka 1942, mama mmoja wa huko, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe. Akachukua nguo za kazi za marehemu, akazikata, akazishona mfarishi mmoja; na binti yake Arlonzia alisimulia baadaye ya kwamba mamaye alitaka kumkumbuka mumewe kwa kujifunika nao. Mwaka 1966 wamama wa sehemu zile waliunda chama cha ushirika cha kushona na kuuza mifarishi. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilitundikwa ukutani katika jumba la sanaa la Houston, na mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu 10 zenye picha zake. Viraka vya suruali za shamba! Mama wa Kabare aweza kumsomea mamamkwe sehemu hii jioni, kwa sauti ya upole, bila kumtazama sana usoni.

Tena kuna wengine walio karibu nasi zaidi kwa ukoo. Katika jimbo la Karnataka, Bara Hindi, wanaishi watu waitwao Siddi. Wazee wao walitoka Afrika. Wengi walipelekwa kule kuwa watumwa, nao Wareno wa Goa walikuwa na sehemu kubwa katika biashara ile. Miongoni mwao leo wamo Wakristo, Waislamu na Wahindu. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi. Hawashoni uso peke yake kama tutakavyofanya sisi: hutandaza kitambaa kikuukuu, mara nyingi sari iliyochakaa, huanzia pembeni, hushona kiraka baada ya kiraka wakizunguka ukingo, na kuzunguka tena ndani yake, mpaka wakutane katikati. Mwishoni huweka kwenye kila pembe kitambaa kilichokunjwa mara nyingi kama pembetatu, ndilo ua la mfarishi. Bila maua hayo hawahesabu kazi kuwa imekwisha. Sindano ni moja, mashini hakuna. Namna yao ni nzuri sana, lakini yataka jicho lililozoea. Mwanzo wenu na uwe wa miraba.

Sasa tufungue mfuko.

Mwageni vipande vyote juu ya mkeka. Msichague kwa uzuri kwanza. Chagueni kwa kitambaa. Pamba ikae na pamba. Mafundi wa siku hizi wanashona pia vitambaa vya nailoni na vya poliesta, na katika mfuko wa mabaki vyote vinachanganyika. Hivyo vinateleza chini ya sindano na vinayeyuka chini ya pasi. Ukiwa na mashaka, vuta uzi mmoja, uushike kwa kibanio, uuchome kwa kiberiti mbali na watoto na mbali na mfuko wenyewe. Uzi wa pamba unaungua kama karatasi na kuacha majivu mepesi. Uzi wa nailoni au poliesta unajikunja na kuacha punje ngumu. Vyenye punje ngumu viwekwe kando.

Kisha fueni. Hili wengi wanaliruka, na ndilo linaloleta majuto. Kitambaa kipya kinaweza kusinyaa katika maji ya kwanza, na si vyote vinasinyaa sawasawa. Mfarishi uliokuwa tambarare hutoka kwenye beseni umejikunjakunja. Tena rangi nyekundu na buluu iliyokoza zaweza kutoa maji. Loweka kila kipande cha rangi kali pamoja na kitambaa cheupe kidogo. Ikiwa cheupe kimebaki cheupe, vema. Kikigeuka waridi, fua tena na tena mpaka maji yatoke safi. Na kama hayatoki safi, kipande hicho kisiingie katika kazi hii hata kikiwa kizuri namna gani. Anikeni kivulini, pigeni pasi kungali na unyevu kidogo.

Neno moja juu ya vitenge. Wengi hudhani kitenge kilizaliwa kwetu. Kumbe namna ile ya kuchora kwa nta ilitoka kisiwa cha Java, na Waholanzi waliijaribu kwa mashini katika karne ya 19. Nyumba ya Vlisco, ya mji wa Helmond, ilianzishwa mwaka 1846 na bado inauza Afrika. Kitenge cha nta kweli kweli kimepakwa rangi pande zote mbili, hivi hakina uso wala mgongo, nacho ni rafiki mkubwa wa anayejifunza: huwezi kukishona kinyume. Kile cha bei nafuu kimechapwa upande mmoja tu. Kabla ya kukata, tia alama ndogo mgongoni.

Tutafanya mfarishi wa mtoto, wenye upana wa sentimeta 90 na urefu wa sentimeta 120. Miraba yake, ikiisha kushonwa, iwe ya sentimeta 15 kila upande: 6 katika kila safu, na safu 8. Jumla ni 48. Mtu aliyezoea angeweza kukata midogo zaidi ipendezayo macho, lakini miraba ya sentimeta 10 ingekuwa 108 kwa ukubwa ule ule, na mtu wa mara ya kwanza angechoka njiani. Nusu ya miraba, yaani 24, iwe ya vitenge vyenye maua na ndege na kila namna ya kelele. Nusu nyingine iwe ya rangi moja tupu. Tunawasihi msidharau hii rangi tupu. Vitenge vikiwekwa vitupu, kimoja kwa kimoja, vinagombana kama wanawake wawili sokoni, na jicho halioni tena kilicho kizuri. Kitambaa cha rangi moja kikikaa kati yao, kila kimoja kinasikika. Njano ya embe, kijani kibichi, buluu ya anga, yote yafaa. Nyeupe pia, kama mtoto wenu hachezi na udongo, jambo ambalo hatujaliona bado. Kwa kitambaa chenye upana wa sentimeta 115, mkinunua sentimeta 70 tu, miraba yote 24 inapatikana: 6 kwa upana na 4 kwa urefu.

Sasa tumefika mahali penye kosa la mama wa Kabare, na hapa twende polepole.

Wengi wanaoanza wanakata miraba kwanza, kisha wanashona wakifuata ukingo wa kitambaa kwa macho. Hebu tupige hesabu. Katika safu ya miraba 6 kuna mishono 5. Kila mshono unakula kidogo katika mraba wa kushoto na kidogo katika mraba wa kulia. Tuseme umekusudia kuacha sentimeta 1, lakini mkono wako umeingia milimita 2 zaidi. Ni kitu gani milimita 2? Unene wa sindano ya kushonea magunia. Lakini kila mshono utakuwa umekula milimita 4 zaidi, na mishono 5 itakuwa imekula sentimeta 2 nzima. Safu yako imekuwa fupi, na hujaona ulipokosea, kwa sababu hukukosea mahali pamoja. Ulikosea kidogo kidogo kila mahali. Vidole viwili vya mama wetu vilitoka hapo. Hakuwa mvivu, wala mkono wake si mbaya. Alikosa mstari.

Basi fanyeni hivi. Kateni mraba mmoja wa karatasi ngumu, katoni ya sabuni yatosha, wenye sentimeta 15 kila upande. Pimeni pia kona kwa kona: pande zote mbili za mshazari ziwe sawa, kama sentimeta 21 na milimita 2. Zikipishana, hiyo si miraba, ni almasi, na makosa yake yatarudi mara 48. Mkiisha kuridhika, wekeni karatasi hiyo mgongoni mwa kitambaa, na mzunguke kwa penseli. Juu ya kitambaa cheusi penseli haionekani. Chukueni kipande cha sabuni kilichokauka, kilichokonda kama ukucha, kinaandika vizuri na kinaondoka katika maji. Kati ya mraba na mraba acheni sentimeta 2, kisha kateni katikati ya nafasi hiyo. Hivyo kila mraba unapata akiba ya sentimeta 1 kuzunguka mstari wake.

Akiba hiyo ikizidi kidogo hapa na kupungua kidogo pale, haidhuru. Makasi yaweza kuwa butu, mtoto aweza kukuvuta mkono. Unashona juu ya mstari, na mistari yote imetoka kwenye karatasi moja. Kwa mshono wa mkono, mstari ndio chifu.

Angalieni pia nyuzi za kitambaa. Kila kitambaa kina nyuzi za urefu na nyuzi za upana, na karatasi yenu ilale sambamba nazo. Mkikata kwa hanamu, kitambaa kinavutika kama mpira, na mraba unageuka sura kabla hamjaushona. Vuteni kona mbili za kipande taratibu: kikinyoka sana, mmekilaza vibaya.

Na mama wa Kabare afanye nini na safu zake mbili? Azifumue. Aende kwa ncha ya wembe au ya sindano, akate uzi kila mishono mitatu, auvute kwa upande wa pili. Ni kazi ya nusu saa. Kisha achore mstari mgongoni mwa kila kipande alicho nacho, bila kukata upya. Ikiwa vipande vyake vingine ni vidogo, havitoshi sentimeta 15 pamoja na akiba, basi akate karatasi ya sentimeta 13 kwa vyote. Uso wake utakuwa 78 kwa 104, na akiongeza ukanda wa rangi moja wenye sentimeta 6 kuzunguka, atapata 90 kwa 116. Mtoto wa miaka mitatu hatapima.

Kabla ya kushona, pangeni miraba yote 48 chini. Safu ya kwanza ianze na rangi tupu, kisha kitenge, kisha rangi tupu, hata mwisho. Safu ya pili ianze na kitenge. Itakuwa kama ubao wa dama. Sasa simameni mlangoni, mkodoe macho nusu kama mtu anayetazama jua. Maua hayaonekani tena, unabaki mwanga na giza tu. Mkiona doa jeusi limekusanyika pembe moja, vitenge vyenye giza vimekaa pamoja. Hamisheni viwili au vitatu. Vitenge viwili vilivyotoka katika nguo moja visikae jirani. Ndege watazame juu, ama watazame kila upande. Lakini ndege mmoja tu aliyelala kichwa chini kati ya waliosimama ataonekana na kila mgeni. Fanyeni kazi hii siku ya mwanga, na msiiharakishe. Waacheni na watoto waseme. Mara nyingi mtoto wa shule ya msingi anaona haraka kuliko mama mahali palipochafuka.

Mkiridhika, kusanyeni kila safu kama karata, ya kushoto ikiwa juu, na kuifunga kwa pini yenye karatasi ya namba, 1 hadi 8. Msipofanya hivyo, kuku mmoja akipita juu ya mkeka, asubuhi yote imepotea.

Kushona kwenyewe hakuna siri kubwa. Uzi uwe mmoja tu, haukunjwi mara mbili, na urefu wake ni mkono mmoja, tangu kiwiko hadi ncha ya kidole. Uzi mrefu zaidi unajifunga mafundo na kuchakaa ukipita katika kitambaa. Wasichana wanaupenda kwa kukwepa kutunga sindano mara kwa mara, nao ndio wanaokata mafundo. Wekeni miraba miwili uso kwa uso. Chomekeni pini katika kona ya mstari wa mbele, itokee katika kona ya mstari wa nyuma. Fanyeni vivyo kona ya pili, na pini moja katikati. Anzeni kwa fundo na mshono mmoja wa kurudi. Kisha piga bandi ndogo ndogo juu ya mstari, kila moja kama punje ya mchele iliyokatwa nusu, na baada ya bandi tano rudisha sindano nyuma mara moja ili mshono usifunguke ukivutwa. Geuza mara kwa mara utazame mgongo: sindano itokee juu ya mstari wa upande wa pili pia. Msivute uzi hata kitambaa kikusanyike. Malizeni kwa mishono miwili ya kurudi mahali pamoja.

Mwenye mashini ya kushona ataenda upesi zaidi, lakini sheria ni ile ile. Abandike utepe juu ya bamba la mashini, sentimeta 1 kutoka kwenye sindano, ukingo wa kitambaa ufuate utepe huo. Hapo yeye hana budi kukata miraba ya sentimeta 17 kwa uangalifu mkubwa, kwa maana mashini haioni mstari wa penseli uliofichwa chini.

Safu ikiisha, ipigwe pasi. Na hapa kuna jambo dogo ambalo mafundi wazuri hawalisemi kwa sababu wanadhani kila mtu analijua. Akiba za mshono zilazwe upande mmoja. Safu ya kwanza, zilale zote kuelekea kulia. Safu ya pili, zote kuelekea kushoto. Ya tatu, kulia tena. Mtakapoweka safu mbili uso kwa uso, mishono inakutana, mmoja umeelekea huku na mwingine kule, nayo inakaa kifua kwa kifua bila kupandana. Vidole vyenu vitasikia mahali hapo pakijifunga. Tieni pini papo hapo kwanza, katika makutano yote matano, kisha mwisho na mwisho, ndipo mshone. Kama mmefuata mstari, pembe nne zitagusana kama vigae.

Pasi ishushwe na kuinuliwa. Msiisukume huku na huku kama mnapiga suruali, kwa kuwa mnavuta miraba na kuipotosha. Ikiwa ni pasi ya makaa, itikiseni nje kwanza, maana cheche moja juu ya njano ya embe ni kilio.

Itachukua muda gani? Mishono mifupi ni 40, na mirefu ya kuunganisha safu ni 7. Yote pamoja ni kama meta 13. Anayejifunza akishona mraba mmoja kwa robo saa, kazi ni kama saa 20. Tuseme saa moja kila jioni, mtoto akiisha kulala na taa ikiwa nzuri: majuma matatu. Wakiwa wawili, mama na binti, mmoja akishona safu za kwanza na mwingine za mwisho, wanakutana katikati kabla ya majuma mawili. Tumeona nyumba ambamo binti na mama hawakuwa wakisemezana sana, na safu zikawafundisha kusemezana; lakini tumeona pia nyumba ambamo waligombania makasi. Nunueni makasi mawili. Na yale ya kitambaa yasikate karatasi kamwe.

Hesabuni pini kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, kila siku. Pini iliyobaki ndani ya mfarishi humpata mtoto usiku, na hamtajua analia nini.

Binti wa shule asiyeweza kazi ya majuma matatu ajaribu na miraba 9, mitatu kwa mitatu. Anapata uso wa mto wa sentimeta 45, na kila jambo tulilolisema limo ndani yake.

Uso ukiisha, una sentimeta 92 kwa 122 pamoja na akiba ya ukingo. Chini yake wekeni kitu cha joto: kipande cha blanketi kuukuu kilichofuliwa, au sweta za zamani zilizofumuliwa mikono na kulazwa tambarare, zikashonwa ukingo kwa ukingo. Chini kabisa wekeni shuka kuukuu iliyokatwa sentimeta 100 kwa 130, ili izidi sentimeta 4 kila upande. Itandazeni shuka kwanza, mgongo juu, muinyoshe, kisha blanketi, kisha uso. Ile sentimeta 4 inayozidi ikunjwe nusu, ikunjwe tena juu ya uso, ishonwe kwa mishono midogo ya kuficha: hapo pindo limekwisha bila kununua utepe.

Sasa kaza vitu vitatu visitembee. Tungeni uzi mnene wa pamba au wa sufu katika sindano kubwa. Katika kila makutano ya pembe nne, shukeni hadi chini, mpande tena karibu sana, mfunge fundo maradufu, mkate uzi na kuacha ncha za sentimeta 2. Makutano ni 35. Vuteni kila fundo kwa nguvu mjue kama linashika, kwa kuwa watoto watalivuta kwa nguvu zaidi.

Jambo moja kwa wenye watoto wachanga. Waganga wa leo wanashauri ya kwamba mtoto asiyetimiza mwaka asilazwe chini ya mfarishi wala blanketi nene lililo huru, maana laweza kumfunika pumzi naye hana nguvu ya kuliondoa. Mchanga avikwe nguo za joto, na mfarishi utandazwe mchana juu ya mkeka ajifunzie kutambaa. Kaka yake wa miaka mitatu aweza kulala chini yake bila hofu. Na wote wawili walale ndani ya chandarua, kwa maana mbu hajui kusoma wala hachagui rangi.

Kwa kufua: maji baridi, sabuni ya mche, bila kukamua kwa kuzungusha. Mkunjueni juu ya kamba mbili ili uzito ugawanyike, uso ukielekea ndani, jua lisile rangi.

Vipande vilivyobaki mfukoni, vile visivyotosha mraba, msitupe bado. Juma lijalo tutaonyesha namna ya kuvishona vikawa kanda ndefu, kisha kanda zikawa pindo la pazia. Na yeyote aliye na swali juu ya mishono ya leo atuletee kwa barua, pamoja na kipande chenyewe kama aweza, kwa kuwa kosa la mshono laonekana upesi kuliko linavyoelezwa.